Shoka la Mabua

Kitu cha kwanza alichokiona Nyemo ni kwamba mtambo ulijigonga kwenye paji la uso.

Ulikuwa umesimama jukwaani, katika ukumbi wa shule, ghorofa ya arobaini, mjini Dodoma, siku mbili kabla ya Haloweni, sikukuu ya watoto kuvaa kama mazimwi. Wazazi kama mia moja waliutazama. Mikono yake miwili ya chuma ilikunja karatasi, ikapaka gundi, ikapachika mpini, na baada ya dakika sita shoka la zimwi lilikuwa tayari, jekundu kwenye makali kana kwamba limetoka kukata kichwa. Kisha mtambo ukaliinua na kujigonga nalo mara mbili, taratibu, juu kidogo ya macho yake ya kioo.

Wazazi wakacheka.

"Hiyo ni hatua ya ukaguzi," alisema mhandisi Lutufyo, mwenye kampuni. "Hakuna aliyemfundisha. Fundipacha, mtambo wetu huu, ameigundua mwenyewe."

Nyemo alikuwa nyuma ya ukumbi, ameshika sinia la juisi. Akanyoosha shingo aone vizuri, sinia likainama.

Hatua ile ilikuwa yake. Kwa miezi minne alikaa katika karakana ya Lutufyo akitengeneza mashoka ya watoto. Mpini ulikuwa wa mabua ya mtama, yale yale ambayo watoto wa Ugogo hutengenezea miwani na magari, akiyafunga matatu matatu. Kichwa kilikuwa karatasi za mifuko ya unga, zimelowekwa na kubandikwa kwa uji wa muhogo. Shoka zima lilikuwa jepesi kuliko kandambili. Lakini watoto ukiwapa shoka watagongana nalo, hata uwaambie nini. Kwa hiyo kila alipomaliza moja, alijigonga nalo usoni. Likimuuma, alilichana.

Siku ya kwanza kazini Lutufyo alimvalisha glovu za nakala, akamwambia ni za kulinda ngozi. Zilikuwa na nyuzi nyembamba zilizohisi kila kidole kimekwenda wapi na kwa nguvu kiasi gani, kisha zikapeleka habari hizo kwenye kumbukumbu ya mtambo. Fundipacha kazi yake ni hiyo, kurudia mkono wa mtu. Kwa nini mkono ulifanya vile, haujui. Kumbukumbu ilipojaa, Nyemo akaambiwa kazi yake ya mashoka imekwisha, abaki kuhudumia wageni.

Hayo yote alikuwa ameyameza. Kilichomshinda siku ile ni sauti. Shoka lake likigonga paji la uso lilitoa mlio wa pu, kama mto uliopigwa kofi. Hili lililia ko.

"We Nyemo, juisi inamwagika," alisema Bi Sikitu, mpishi, aliyekuwa pembeni yake akipanga sambusa.

"Wametoa mabua, Bi Sikitu. Wameweka plastiki ngumu, hata chini ya karatasi."

"Sasa wewe yanakuhusu nini?"

"Watoto wanagawiwa. Ona, wamepanga foleni."

Bi Sikitu alitazama jukwaani, akafuta mikono kwenye kanga. "Nenda kaseme basi. Mimi nikisema watadhani mpishi kalewa."

Nyemo hakuwahi kusema lolote mbele ya watu zaidi ya watatu. Aliweka sinia chini, akapita katikati ya viti. Kila alipopiga hatua, hasira ilimsukuma apige nyingine.

"Mhandisi, msiwape watoto."

Lutufyo alitabasamu. "Huyu ni binti yetu wa huduma. Dada, subiri tumalize."

"Shoka hilo si la mabua. Ni zito."

"Tumeboresha. Mabua yanavunjika, hili litadumu miaka kumi. Na limekaguliwa, wazazi wameona."

"Mtambo hausikii maumivu. Hata ungejigonga kwa tofali ungesema ni sawa."

Mama mmoja mnene wa safu ya mbele alisimama. "Basi jigonge wewe, mhandisi. Kama ulivyofanya huo mtambo wako. Mara mbili tu."

"Mama, hatuwezi kugeuza hafla..."

"Jigonge, baba. Hatuna haraka."

Lutufyo alichukua shoka, akaliinua. Lilifika karibu na nyusi likasimama hapo. Ukumbi wote ulilitazama. Akalishusha polepole.

"Huo si utaratibu wetu," alisema.

"Rudisha hilo, Mbuke," yule mama alimwambia mwanawe. Mtoto akaweka shoka ukingoni mwa jukwaa. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja, na kila shoka liligonga mbao kwa sauti ile ile ngumu.

Lutufyo alimgeukia Nyemo. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Ndugu wazazi, binti huyu ana kinyongo. Ni kweli mikono ya fundipacha ilinakiliwa kutoka kwake."

"Si umesema hakuna aliyemfundisha?" aliuliza mama Mbuke.

"Ilinakiliwa kwa hiari yake. Tuna mkataba wa kurasa kumi na moja. Nyemo, ulitia dole gumba, hukutia?"

"Nilitia."

"Ulisomewa, ukaelewa, ukatia. Basi."

Nyemo alihisi joto likimpanda shingoni. Ni joto la aibu, alilijua tangu utotoni, na siku zote lilimfunga mdomo. Alisubiri limfunge. Halikumfunga.

"Sikuelewa hata mstari mmoja," alisema. "Niliishia darasa la tano. Ukaniuliza kama nina swali, nikasema sina, kwa sababu niliona haya. Na wewe uliniona naona haya. Wasichana tulikuwa sita kwenye benchi lako siku ile ya kuomba kazi. Watano walikuuliza maswali. Ukamchukua asiyeuliza."