Funika kwa Puti

"Piga puti, funika, paka rangi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si mchumba wangu?"

"Hapa gereji mimi ni fundi."

Dalali alicheka kile kicheko chake cha kuuzia magari. Dada Rangi hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya gari la michezo la Kijapani, la milango miwili, boneti ndefu, taa za duara, gari lililowazidi wote wawili umri. Zulia la ndani alikuwa amelibandua siku hiyo kwa mara ya kwanza. Chini ya viti, mstari wa kuchomelea ulikata sakafu nzima kutoka mlango mmoja hadi wa pili. Alipoweka sumaku kwenye kizingiti cha mlango, ilidondoka. Hapakuwa na bati pale. Palikuwa na puti, ile lipu ya kuzibia bodi, nene kama kipande cha mkate.

Lile halikuwa gari moja. Yalikuwa mawili, mbele la huku na nyuma la kule, yakakatwa na kuungwa kiunoni.

"Ulijua?" aliuliza.

"Magari ya zamani yote yana mambo yake."

"Nimeuliza, ulijua?"

"Nilijua. Sasa?"

"Sasa mwenye gari anataka kulikimbiza barabara kuu. Likigongwa kidogo tu linakatika vipande viwili, na yeye yumo ndani."

Dalali akakung'uta vumbi kwenye suruali. "Ukimwambia, utaniharibia jina. Na nikiharibika mimi, harusi ya mwezi ujao usahau."

Akaondoka. Hata robo saa haikupita, simu ikatoa mlio wa ujumbe: *Mpenzi, acha ubishi. Funika hiyo kitu leo, tuendelee na maisha yetu. Nakupenda.*

Dada Rangi aliusoma mara mbili. Neno la mwisho lilimkera kuliko yote.

Miaka kumi na tano alikuwa akinyoosha bodi na kupaka rangi. Watu walileta magari kutoka mbali kwa sababu rangi yake haikubanduka wala kazi yake haikuwa na siri. Na mwenye gari hili hakuwa mteja wa kuacha ufunguo na kupotea. Alikuwa mpima ardhi, mrefu, mpole wa maneno. Kila Jumamosi kwa miezi minne alikuja, akavua shati zuri, akavaa kuukuu, akashika msasa kando yake. Walibishana kuhusu rangi hadi majirani wakachungulia. Yeye alitaka nyekundu.

"Nyekundu ni ya gari linaloomba kutazamwa," Dada Rangi alimwambia siku moja. "Hili haliombi."

Wakakubaliana bluu. Mpimaji alimchekesha sana, na Dada Rangi alijiambia kwamba kucheka si dhambi.

Sasa akampigia.

"Mpimaji, njoo gereji."

"Kuna habari mbaya?"

"Kuna habari ya kweli. Njoo."

Alifika mchana na buti zake za matope. Dada Rangi hakuzunguka mbuyu. Akamwonyesha mstari, akamwonyesha puti, akamwonyesha na ujumbe wa Dalali kwenye simu. Mpimaji alichuchumaa, akapitisha kidole pale palipoungwa. Kisha akasema polepole:

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku liliposhushwa hapa, kabla hujaligusa, nililipima. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, vipimo vya kulia na kushoto vimepishana milimita kumi na tisa."

"Ukanyamaza?"

"Niliambiwa wewe ni mchumba wa aliyeniuzia. Nikataka kuona kama utaniambia."

Dada Rangi alisimama. Akafuta mikono kwenye ovaroli, taratibu, kidole kwa kidole.

"Kwa hiyo miezi minne hii unanishikia msasa, unanichekesha, kumbe unanipima kama kiwanja?"

"Mwanzoni, ndiyo. Baadaye..."

"Baadaye nini?"

"Baadaye nikaogopa jibu."

"Mmoja ananiambia nifiche. Mwingine amekaa anasubiri nifiche. Wote wawili hamnijui. Toka gerejini kwangu."

Mpimaji akatoka.

Jioni Dada Rangi alimpigia shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Fundi cherehani ameniuliza vipimo vya gauni."

"Mwambie asikate kitambaa."

"Mmegombana?"

"Tumemalizana. Amemuuzia mtu gari bovu, ananiambia nifunike."

Shangazi akashusha pumzi.

"Nikwambie kweli? Yule kijana akicheka, mimi naona meno tu, macho hayamo. Nikasema labda ndio uzuri wa siku hizi. Kitambaa nitakichukua, nishone mapazia."

Dada Rangi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Kesho yake asubuhi alikwenda yadi ya Dalali. Alimkuta akimpamba kwa maneno mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani, kalamu tayari mkononi, mbele ya gari jeupe linalong'aa. Dada Rangi alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya boneti.

"Mali yako hiyo. Mwalimu, kabla hujatia sahihi, naomba dakika moja."

Akatoa sumaku, akaiweka kwenye kizingiti cha mlango. Ikadondoka. Akaiweka nyuma. Ikadondoka tena.

"Mama, hapa umepewa puti. Kabla ya kusaini, tafuta fundi wako mwenyewe alikague."

Dalali aliona watu wanasogea, akapaza sauti. "Jamani, huyu ana wivu tu! Na ukweli usemwe, lile gari la milango miwili aliliunga yeye kwa mikono yake!"

Minong'ono ikaanza. Dada Rangi akahisi miaka yake kumi na tano ikining'inia kwenye uzi mmoja.

"Si kweli."

Sauti ilitoka getini. Mpimaji alikuwa amekuja kumkabili Dalali na nyaraka za gari, ameshika na daftari lake la vipimo.

"Nililipima siku lilipofika kwake, likiwa bado kwenye gari la kuvuta. Tarehe hii hapa. Lilikuwa limeshaungwa. Yeye alipogundua aliniita siku ile ile, bila kuulizwa na mtu. Mimi nilijua, nikanyamaza. Dalali alijua, akaficha. Aliyesema ni mmoja tu."

Dada Rangi akafungua simu, akausoma ujumbe wa Dalali kwa sauti, mpaka lile neno la mwisho. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mwalimu akafunga kalamu yake, akaitia mkobani.

"Kijana," alimwambia Dalali, "nipishe nipite."

Kabla wiki haijaisha, watu wengine watatu walikuwa wameandikisha malalamiko polisi.

Nje ya yadi, Mpimaji alimsubiri kivulini mwa ukuta.

"Asante kwa uliyosema," Dada Rangi akasema. "Lakini sijakusamehe."

"Bado sijaomba. Nilikuwa natafuta maneno."

"Umeyapata?"

"Ningekuuliza siku ya kwanza, ungenijibu siku ya kwanza. Nilikuweka kwenye mtihani ambao hukujua unaufanya. Ulikuwa woga wangu, na nikauita busara. Nisamehe."

Dada Rangi akatia sumaku mfukoni.

"Jumamosi njoo saa mbili," alisema. "Saa mbili kamili. Kuna gari la kukata."

Kwa sababu lile bovu halikuponyeka. Walizunguka wiki sita hadi wakapata jingine la aina ileile kwenye ghala la muuza mbao, injini imekufa, milango imeliwa na kutu, lakini sakafu na chesisi nzima kama lilivyozaliwa. Wakalileta. Wakahamisha injini, boneti, milango, viti. Safari hii Mpimaji alipima kwa sauti, na Dada Rangi akaandika. Shangazi naye akaja siku moja "kuangalia tu", akamkagua Mpimaji kuanzia buti mpaka nywele, akamwambia mpwa wake sikioni:

"Huyu macho yamo."

Miezi minane. Msasa, rangi ya msingi, bluu mara tatu, ung'arishaji. Siku gari lilipopita ukaguzi bila dosari, Mpimaji alimtupia Dada Rangi ufunguo.

"Endesha wewe."

Wakatoka mjini. Barabara ikanyooka, injini ikaimba, mashamba yakapita pande zote mbili.

"Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nafunga gereji," Dada Rangi alisema, macho barabarani.

"Kuna nini?"

"Naolewa."

Mpimaji akageuka mzimamzima kwenye kiti. "Na nani?"

"Na wewe. Kama huna safari."

Mpimaji akacheka, akauweka mkono wake juu ya ule wa Dada Rangi ulioshika gia.

"Sina safari," akasema. "Sina safari kabisa."

"Vizuri," Dada Rangi akajibu, akatia gia ya nne.