Bawabu Mwenye Sauti ya Baba Mdogo

Siku Bawabu alipoonyeshwa kwa watu wa Morogoro, ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Bawabu mwenyewe hakuwa na mwili. Alikuwa akili ya mashine iliyokaa ndani ya simu, na kazi yake ilikuwa ileile ya bawabu wa mlangoni: hapiti mtu, haupiti ujumbe, hakipiti kiungo mpaka yeye aridhike. Na alihitajika kwelikweli, maana miaka ile matapeli walikuwa wamefika mbali. Waliweza kughushi namba, sauti, hata kikohozi cha mtu. Mama anapigiwa na mwanawe analia, eti amekamatwa, gusa kiungo hiki haraka. Akigusa, akaunti imekauka, na mwana yuko shuleni anacheza mpira.

Mhandisi Skolastika Mkude, aliyemtengeneza Bawabu, alisimama jukwaani na kueleza siri ya kazi yake.

"Tapeli ana haraka," alisema. "Anajua ukitulia utafikiri, na ukifikiri hugusi kitu. Lakini mtu wa kwako atakuuliza umeamkaje, kazi zinakwendaje, watoto hawajambo. Kwa hiyo Bawabu anapima salamu. Tapeli akijitia kusalimu, Bawabu naye atamsalimu, atamuuliza hili na lile mpaka ajikwae."

Sauti ya Bawabu ilikuwa ya Mzee Kobelo wa Matombo, huko juu milimani. Skola alimwita Baba Mdogo, kwa kuwa alikuwa mume wa Mama Mdogo Theresia, na wawili hao ndio waliomlea. Ukikutana na Baba Mdogo njiani, ujue umeshachelewa uendako. Atataka habari za nyumbani, za shamba, za jirani, na za mbuzi wa jirani. Utotoni Skola aliwahi kuingia mbio kusema maharage yanaungua, akarudishwa mlangoni asalimu kwanza. Maharage yaliliwa hivyohivyo, meusi. Basi Bawabu alipohitaji kufundishwa, mzee alikaa siku nzima mbele ya kinasa sauti akisalimia hewa, amefurahi kama bwana harusi. Mwishoni Skola alimpa maneno ya kuwafukuzia matapeli, naye akayasema kwa ukali wa kuigiza: "Hujasalimu. Wewe si wa nyumba hii."

Palepale jukwaani simu ya Skola ikaita. Skrini kubwa nyuma yake ikaonyesha namba ya Mama Mdogo, na sauti ya mwanamke anayehema ikajaa ukumbini.

"Skola, gusa hicho kiungo nilichokutumia. Gusa sasa hivi, mwanangu, nakuomba..."

"Hujasalimu," ikajibu sauti ya Baba Mdogo. "Wewe si wa nyumba hii."

Simu ikakatika. Skrini ikaandika: Tapeli amezuiwa. Watu walipiga makofi mpaka viti vikatikisika.

"Na kama ni mama yako mdogo kweli?" akauliza mama mmoja wa safu ya mbele.

Jibu sahihi Skola alilijua, alikuwa akilifundisha kila mahali: usiguse kitu, kata simu, kisha mpigie wewe mwenyewe mtu wako kwa namba unayoijua. Hata kitufe cha kufanya hivyo kilikuwa pale kwenye skrini, kinawakawaka. Lakini makofi ni matamu jamani, na yeye alikuwa katikati ya makofi.

"Mama yangu mdogo anaishi na Kobelo," alisema. "Akizungumza bila salamu atalala nje."

Wakacheka. Simu ikaita tena, ikafukuzwa vilevile, wakacheka zaidi.

Kiungo kile kilikuwa cha ndege-tiba. Ndege-tiba ni chombo kisicho na rubani. Kinatua uani kwa mgonjwa, kinambeba, na kuanza kumtibu angani. Skola ndiye aliyewaandikisha wazee wake. Kwa kuogopa wasije wakalaghaiwa, aliweka sharti kwamba ndege isiondoke mpaka yeye aguse kiungo cha kuiruhusu. Sharti aliliweka kwa mapenzi, kisha akalisahau. Siku ile Baba Mdogo alikuwa ameanguka jikoni kwa kiharusi.

Habari zilimfikia jioni, zimeletwa na jirani mstaarabu aliyeuliza kwanza habari za mchana na kutoa pole za kazi. Bawabu alimpitisha bila shida.

Baba Mdogo hakufa. Majirani walimteremsha kwa gari kwenye tope la mlimani, wakafika hospitali saa zimekwenda. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na ulimi nao umelala. Daktari alisema angewahishwa huenda angezungumza tena.

"Shikamoo, Baba Mdogo," Skola alisema kando ya kitanda.

Mzee alimtazama. Mdomo ukajaribu, ukatetemeka, ukaacha. Skola alikaa akiingoja marahaba ambayo alijua haiji, na kwa aibu akashindwa kumtazama usoni.

Nje ya wodi Mama Mdogo alikuwa amejikunja kwenye benchi.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikukusalimu."

"Mama Mdogo, usiseme hivyo."

"Si niliambiwa? Na aliyeniambia kwenye simu ni yeye mwenyewe, Skola, naye yuko miguuni pangu sakafuni. Niliinama nikamtazama mdomo."

Skola alipiga magoti. "Nilikusikia," alisema. "Niliiona namba yako. Ningeweza kukupigia, nikafanya mzaha juu yako watu wacheke."

Mama Mdogo aligeuka kumtazama.

"Walicheka?"

"Walicheka."

Mama Mdogo alijitanda kanga yake vizuri, akarudi ndani kwa mumewe.

Skola alimrekebisha Bawabu. Hamfukuzi mtu tena. Anamwambia asubiri, kisha mwenye simu analazimika kupiga namba anayoijua ili kuhakikisha. Alitaka kuitoa na ile sauti, lakini wiki hiyohiyo simu za Mama Mdogo zikaanza kuingia, mchana, mgonjwa akiwa amelala. Mama Mdogo alisalimu, Bawabu akaitikia. Akaulizwa habari za nyumbani, akazieleza zote. Bawabu aliporidhika, akampitisha kwa Skola.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

Simu ikakatwa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Hapo Skola akaelewa kwamba si yeye anayepigiwa.

Alikaa mbele ya mashine akambadilisha Bawabu kwa namba ile moja tu. Mama Mdogo akipiga bila salamu, mlango ufunguke papo hapo, aingie moja kwa moja. Akisalimu, Bawabu asiridhike kamwe. Aendelee kuuliza kadiri mwenyewe apendavyo kujibu. Kwa kufanya hivyo alijifungia nje, na alijua.

Mchana uliofuata simu iliita. Skola hakuigusa, akasikiliza tu.

"Na mbuzi wa jirani hawajambo?" Bawabu aliuliza, kwa sauti ile nzito yenye furaha.

"Hawajambo. Mmoja kazaa."

"Vizuri, vizuri. Na Skola wetu, hajambo?"

Skola akauzuia mkono wake usiende kwenye simu.

"Yupo," alisema Mama Mdogo. "Endelea, mume wangu. Niulize na habari za shamba."