Kilichokaa Katikati ya Kochi

Mto wa kati wa lile kochi ulikuwa umebonyea, na hakuna aliyeukalia.

Mshauri aliuona kwenye skrini ya kompyuta yake, mchana kweupe, akadhani ni uzee wa kochi. Mume alikaa upande huu, mke upande ule, na baina yao pamebonyea kama mtu mnene amejiachia pale. Mshauri hakuwa mtu wa kuogopa samani. Kazi yake ilikuwa kusikiliza watu kwa mtandao: waliochoshwa na ndoa, waliokosana na wazazi, waliofiwa, waliopotelewa na usingizi. Aliifanyia nyumbani, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, visikilizi masikioni. Majirani walimwita Mama Sikio. Jina hakulipenda, lakini halikuwa la uongo.

"Kabla hatujaanza," alisema, kama alivyomwambia kila mteja, "kuna mtu mwingine hapo chumbani?"

Swali la kawaida kabisa. Hakuna anayefunguka mama mkwe akiwa nyuma ya pazia.

Mume akamtazama mke. Mke akatazama pale katikati.

"Hilo," mke akasema, "hatujui tujibu vipi."

"Haya. Ugomvi wenu ni nini?"

"Hatuna ugomvi," mume akasema. "Ndiyo shida yenyewe. Huyu amefiwa na mama yake, hakulia. Mimi nimefukuzwa kazi, nikala nikashiba. Mtoto alianguka kwenye ngazi, tukamwangalia."

"Mkamwangalia?"

"Alinyamaza mwenyewe," mke akasema. "Watoto hunyamaza."

Waliyasema hayo kama watu wanaosoma maelezo nyuma ya pakiti ya sabuni.

Sasa, Mshauri alikuwa na namna yake ya kufunga mazungumzo. Hakufundishwa na mtu, aliibuni mwenyewe, na wateja waliipenda. Aliwaambia wafumbe macho, wavute pumzi, waitoe taratibu, kisha akasema kama kawaida yake: "Hicho kinachowaelemea kiacheni hapa. Niachieni mimi. Nitakaa nacho."

Maneno ya kutuliza moyo tu. Lakini vipo viumbe visivyojua maneno ya kutuliza moyo. Ukiviambia njoo, vinakuja.

Wao walikuwa wamefumba macho, kwa hiyo aliyeona ni yeye peke yake. Ule mto ulijaa, polepole, kama mtu anayenyanyuka bila haraka. Kisha ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Haikutoka jikoni. Ilitoka kwenye visikilizi, ya uvuguvugu, na ilimwingia kwa masikio. Nyuma ya mgongo wake, kitanda kidogo cha kupumzikia kikalia *kwiii*, kikatulia.

Hakugeuka. Alitaka kuogopa, akakuta hana haja.

Wiki iliyofuata wale wawili walitokea wamevimba macho.

"Jana tumegombana mpaka jirani kaja kugonga," mke akasema, akilia na kucheka kwa pamoja. "Nimemlilia mama yangu, Mshauri, nimemlilia hadi sauti imekauka. Uchungu unaniua, lakini ni wangu. Mungu akuzidishie."

Mume hakucheka. Alikuwa anajikuna shingo. "Mimi silali," akasema. "Nalia chooni kama mtoto mdogo."

"Nawasikia," Mshauri akajibu.

Basi. Siku nyingine angetoka pale akiimba. Siku hiyo alizima kompyuta, akabaki anatazama ukuta, na ukuta ulimtosha.

Alikuwa na binti mmoja, amemaliza shule juzijuzi, ulimi kama wembe. Tangu wazazi watengane, binti akikasirika alikuwa na tisho lake: nahamia kwa baba. Mama hufoka, binti hufoka zaidi, mwisho wanacheka, mmoja anapika. Ndivyo walivyopendana, kwa kelele.

"Mama, Jumamosi nahamia kwa baba," alisema jioni hiyo.

"Naelewa. Huo ni uamuzi wako."

"Hunigombezi?"

"Unajisikiaje kuhusu uamuzi huo?"

"Mama, usiniongeleshe kama mteja. Mimi si wa kwenye kompyuta."

"Nakusikia."

"Basi kweli naenda," binti akasema, na sauti ikamkatika katikati.

Mshauri alijua hapo panatakiwa kuuma. Alipatafuta ndani mwake kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Fizi tu.

Siku zikapita hivyo, na nyumba ikazidi kunuka majivu mabichi, na kila alipokaa chumba cha nyuma alisikia pumzi iliyopanda yake ikipanda na kushuka yake ikishuka, na akiishika yake ile nyingine iliendelea kidogo, kama mtu aliyesahau kwamba anajificha, halafu inakoma, na yeye akaizoea, akaanza hata kuiachia nafasi kitandani, mpaka binti alipomshika mkono ukumbini, vidole vyake vya baridi, akamnong'oneza sikioni, "Mama, kule ndani kuna nani? Nimepita mlangoni, nimekusikia unasema 'naelewa, naelewa, naelewa', na wewe ulikuwa bafuni, maji yanamwagika, nilikuwa nayasikia yote mawili."

"Pengine umechoka," mama akamwambia.

Binti hakubishana. Alikwenda kumleta mganga, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mkavu mwenye futi ya kupimia shingoni. Alifika mlango wa chumba cha nyuma, akanusa, akarudi hatua.

"Ni jini," akasema kwa sauti ndogo. "Na hakuvamia huyu. Kaalikwa. Anakula machungu ya watu, na utamu anaula humohumo, hachagui. Ubani hamtoi. Anatoka akialikwa kwingine, basi. Unamwogopa?"

"Hapana," Mshauri akasema.

"Ungemwogopa ningekuwa na pa kuanzia." Fundi akamgeukia binti. "Wewe usilale hapa. Akimaliza kwa mama ataona njaa." Kisha kwa Mshauri: "Na usimpeleke kwa asiyemtaka. Hilo ni la kwako na Mungu wako."

Jumamosi asubuhi mizigo ya binti ilikuwa ukumbini. Mshauri alikuwa kazini, chumba cha nyuma. Mume wa lile kochi alitokea peke yake, ndevu hazijanyolewa, mdomo karibu na kompyuta.

"Turudishie," akanong'ona. "Sikuwa na raha, lakini sikuwa hivi. Siwezi, Mshauri. Nisaidie."

"Mkeo anataka?"

"Hataki. Ametoka na mtoto. Fanya kabla hawajarudi."

Mshauri alijua ni kosa, kama mtu anavyojua jina la mji asiowahi kuufikia. Huruma ya kumzuia haikuwepo, ilikwishaliwa. Ukumbini magurudumu ya begi yakaanza kuelekea mlango wa mbele.

"Mkaribishe mwenyewe," akasema.

Mume akafumba macho. "Karibu nyumbani."

Kitanda kikalia. Harufu ikakatika kama uzi, na humo ndani mwa Mshauri vyote vikarudi kwa mpigo, binti yake, ile Jumamosi, kila 'naelewa' aliyoisema, na kwenye visikilizi alisikia mlango wa watu wengine ukifunguka, mke akiingia akilalama juu ya jua huku akimbembeleza mtoto anayelia, "nyamaza mwanangu, mama yupo, mama y—" na sauti ikaishia pale. Mtoto akaendelea kulia. Hakuna aliyemjibu.

Mshauri alianguka sakafuni kwa ukelele ambao hakuujua kuwa ni wake.

Begi likadondoka. Binti akaingia mbio, akapiga magoti, akamkumbatia.

"Mama. Mama, sasa unanililia? Basi siendi. Kumbe ulikuwa unaumia? Si ungesema tu. Siendi, mama."

Mama Sikio, aliyekuwa hajapata kumdanganya mwanawe, alitikisa kichwa kukubali, akavivua visikilizi na kuvisukuma chini ya meza, mbali, asikisikie tena kile kilio.