Kofia Isiyo na Bomba

Asubuhi ile skrubu tatu zilikuwa mezani, zimepangwa mstari kando ya kikombe cha fundi, na zilikuwa za moto.

"Nani kaweka hizi hapa?" aliuliza.

"Mimi nikachezee skrubu zako za nini?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Unatupa vitu ovyo, kisha unauliza watu."

Fundi alizitambua. Alikuwa amezikaza kwa mkono wake mwenyewe darini, kwenye kiungio cha bomba la moshi la hita yao ya gesi. Hita hizi za ukutani ukifungua maji ya moto zinawaka, ukifunga zinazimika. Moshi wake hauonekani wala haunuki, lakini ukikosa njia unaua mtu kimya kimya. Ndiyo maana bomba lake hupitishwa darini likatoboa paa, na juu likavishwa kofia ya bati mvua isiingie. Kwake mwenyewe fundi alilifunga vizuri kabisa. Kwake mwenyewe, naam! Alipanda akakuta bomba limeachana, akalikaza upya. Kesho yake skrubu zilikuwa mezani tena.

Siku ya tatu binti yao wa miaka tisa hakuamka. Alipumua, mashavu mekundu, ila hakufumbua macho hata alipotikiswa. Hospitali walimpima, wakasema hawaoni ugonjwa, analala tu. Fundi akauchomoa mtungi wa gesi kwenye hita, akautoa nje hadi uani.

Alasiri ileile, saa tisa, hita isiyo na gesi ikawaka. Puu!

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, amemshika mkono, "bafuni kuna mtu anaoga."

Walisimama nje ya mlango. Harufu ya sabuni mbichi ilipita chini yake, na nyingine ya kitambaa kilichoungua kwa pasi. Ndani maji yalimwagika, mwanamke akaimba kwa puani, akakohoa mara moja, kisha kitu kizito kikaanguka sakafuni. Walipofungua hapakuwa na mtu, kioo tu kimejaa mvuke.

Mke alilia. Fundi hakulia, kwa sababu saa ile aliijua ni ya nani.

Miezi minne nyuma alimfungia hita mshonaji mmoja, mwanamke mcheshi aliyemtania kutwa nzima. Bomba likapungua kipande kimoja, urefu wa mkono tu. Mtu mwenye akili angesema, mama, usiitumie hadi nirudi. Yeye alipanda juu, akaivisha paa kofia, akaacha pengo darini, akakabidhi kazi. Nitarudi wiki ijayo, alijiambia. Wiki haikuisha mshonaji akakutwa bafuni amekufa, saa tisa alasiri. Dada yake aliuliza msibani kama bomba lilikuwa sawa. Fundi akamnyooshea kidole paani: "Si unaiona kofia ile pale? Itakuwa moyo, dada yangu." Hasira zinanipanda kila nikifika hapa, maana alikula msibani akanawa mikono akaenda zake.

Mkewe alimleta mganga, bibi mwembamba asiyependa maneno mengi. Aliingia bafuni peke yake. Alipotoka alikuwa anafungasha vitu vyake.

"Bibi, mbona humfukuzi?"

"Simfukuzi. Marehemu kaacha hasira, na jini limeivaa. Linadai haki." Akamgeukia fundi. "Pengo uliloficha, ukaliseme mbele ya ndugu yake. Lisiposemwa hadi kesho saa tisa, mtoto anakwenda naye."

"Pengo gani?" mke aliuliza.

"Sijui anasema nini huyu bibi," fundi akajibu. Hata hapo! Mtoto wake amelala kama gogo, naye anaogopa aibu.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa marehemu, kweli. Lakini alikwenda na kipande cha bomba ndani ya gunia. Aliwaza kwamba pengo likizibwa hakuna la kusema.

"Karibu, fundi," alisema dada mtu, ambaye sasa ndiye aliyeishi pale. "Hita hiyo siigusi. Tangu msiba naoga maji baridi."

"Naikagua tu, dada."

Alifunga gesi, akaacha mkoba na simu bafuni, akapanda kwa ngazi kupitia tundu la dari mle mle bafuni. Hajafika hata kwenye pengo, kifuniko cha tundu kikajibamiza nyuma yake na komeo lake likajifunga kwa upande wa bafuni, koki ya maji ya moto ikafunguka bila mtu, hita ikalipuka kuwaka, na katika giza lile lenye joto harufu ya sabuni mbichi ikamjia usoni, karibu, karibu zaidi, hadi akahisi nywele zilizolowa zikimgusa shavu na mtu akiimba kwa puani sikioni mwake, taratibu, kama anayesubiri, huku kichwa kikianza kumgonga.

"Dada! Funga maji! Moshi unaingia huku!"

Dada mtu akaingia bafuni. "Moshi si unatoka paani? Ulinionyesha kofia."

"Haikuunganishwa!" Alikuwa akilia sasa. "Bomba lilipungua, nikaliacha. Nilijua. Mimi ndiye niliyemuua mdogo wako!"

Koki ikajifunga. Hita ikazimika, na kule juu wimbo ukakoma. Mle mkobani simu ikaita, ikaita, hadi dada mtu akaipokea.

"Baba watoto! Ameamka! Anaomba uji!"

"Hongera, mama," dada mtu alisema, akaikata.

Alisimama pale, anaitazama sakafu alipomkuta mdogo wake.

"Mwanao kaamka," alisema.

"Mungu mkubwa! Ahsante, dada. Nimekosa, nimekosa sana. Nifungulie basi, niende nikamwone."

Dada mtu alilifungua dirisha la bafu wazi kabisa. Aliinua uso akaliangalia komeo, hakuligusa. Akafungua gesi, kisha akaizungusha koki ya maji ya moto hadi mwisho.

"Nitakufungulia, fundi," alisema. "Ngoja nioge kwanza."