Kompyuta Isiyofunikwa

Katika nyumba ya Uwamwezi, kila kitu kilikuwa na nguo yake. Televisheni ilikuwa na kitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa. Hata chupa ya chai ilivaa kofia ya sufu. Uwamwezi alikuwa mdarizi, na hapa Kamembe harusi bila vitambaa vyake ilionekana haijakamilika. Alivitia maua kwa sindano, kisha akavimalizia kwa pindo la nyuzi ndefu zinazoning'inia. Kwake yeye, kuacha kitu bila kitambaa ni kama kumkaribisha mgeni na kumnyima kiti.

Mumewe, Mudathiru, alikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu. Mtoto wao wa pekee, Uwineza, alitengeneza filamu za harusi. Msichana huyu alikuwa na jicho la kuona mambo ambayo wengine hawayaoni: mkono wa bibi ukifuta chozi, watoto wakiiba sambusa. Shida ilikuwa kompyuta yake. Boksi lake la bati lilikuwa limeoza kwa kutu, na matundu yake ya hewa yalikuwa yamezibwa na vumbi. Kila Uwineza alipounganisha picha, kompyuta ilipata joto ikazimika.

Shangazi yake alikuwa amemtafutia kazi dukani Kigali. Uwineza alikubali shingo upande. Siku moja aliwaambia wazazi wake neno moja tu.

"Filamu ya harusi ya Izabayo njo ya mwisho. Ikitoka muzuri, ninabaki hapa na kazi yangu. Ikishindikana, ninaenda kwa shangazi."

Begi lake lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Uwamwezi alipolipita, moyo ulimuuma. Alilichukia begi lile kama deni.

Jirani yao, Emerance, ndiye aliyeleta tumaini. Emerance alikulia Bukavu, na sasa alikuwa akifundisha kompyuta katika shule moja upande wa Mibirizi. Aliifungua kompyuta, akaipuliza vumbi, akaikagua kila kiungo. Kisha akasema kuwa viungo vyote ni vizima. Kilichokufa ni boksi tu. Hakuna haja ya boksi jingine, akasema. Wangeweza kutengeneza fremu wazi, yaani mifupa ya kompyuta bila kuta, ili hewa ipite kila upande.

Mudathiru akacheka. Mifupa ya aluminiamu ndiyo iliyokuwa ikimlisha maisha yake yote. Alichukua vipande vilivyobaki kwenye madirisha, akavikata, akapiga tupa kingo zote zisikate vidole. Emerance akamwomba aikung'ute fremu na kuifuta huko huko nje. Unga wa chuma ukiangukia bodi ya kompyuta, alieleza, umeme hupita pasipo njia yake na bodi huungua.

Jumamosi waliketi mezani kuiunganisha. Kwanza Emerance alichomoa waya wa umeme ukutani. Halafu akamtaka kila mmoja aguse chuma kitupu cha fremu kabla ya kushika chochote. Alisema mwili hubeba umeme mdogo ambao sisi hatuusikii, lakini bodi huusikia sana.

Uwineza alifunga viguu vidogo vya shaba kwenye fremu. Juu ya viguu hivyo akaiweka bodi kuu, ile inayobeba viungo vingine vyote. Kwa njia hiyo mgongo wa bodi haukugusa aluminiamu. Mudathiru akashika bisibisi na kuanza kukaza kwa nguvu zake za madirisha.

"Pole pole, Papa Uwineza," Emerance alisema. "Hii bodi ukiikaza sana inapasuka. Kaza kidogo huku, kisha kidogo ku pembe ya ngambo. Ikitulia, wacha."

"Mimi dirisha ninafungaka mpaka upepo unaomba ruhusa," Mudathiru alijibu. Wote wakacheka, lakini alilegeza mkono.

Wakafunga feni, diski na kisanduku cha umeme. Kisanduku hicho Emerance aliwaonya wasikifungue kamwe, kwa sababu kinaweka umeme ndani hata kikishachomolewa. Nyaya wakazifunga pamoja zisiguse feni. Kompyuta ikawekwa mezani, mbali kidogo na ukuta, mbali na dirisha lenye mvua na vumbi, mbali na mbabura, lile jiko la makaa, na vikombe vya chai. Uwineza alipobonyeza kitufe, feni zikazunguka na skrini ikawaka. Alimkumbatia baba yake mpaka kofia ikamdondoka.

Uwamwezi naye alifurahi, ila jicho lake lilikuwa na lake. Waya zilionekana. Skrubu zilionekana. Mashine nzima ilikuwa uchi sebuleni, na kesho yake wageni walikuwa wanakuja kutoka kisiwa cha Nkombo kuitazama filamu.

Jumapili mchana, Uwineza aliiacha kompyuta ikikusanya vipande vyote viwe filamu moja, akaenda kuoga. Uwamwezi akabaki peke yake na ule uchi. Akafungua kabati, akatoa kitambaa chake bora kuliko vyote, cheupe, chenye maua ya dhahabu na pindo refu. Akaifunika kompyuta vizuri, akarudi nyuma, akaitazama. Sasa ilikuwa mashine yenye heshima zake.

Uwineza alirudi akikausha nywele. Skrini ilikuwa nyeusi. Feni zilikuwa kimya. Alipenyeza mkono chini ya kitambaa, akabonyeza kitufe, na hakuna kilichotokea. Aliliangalia begi nyuma ya mlango.

"Basi, Maman," alisema taratibu. "Nitamupigia shangazi."

Uwamwezi aliona aibu na hofu kwa pamoja. Hakusubiri hata kuvaa viatu. Alitoka mbio hadi kwa Emerance, akamwambia kila kitu njiani wakirudi: kitambaa, maua, wageni.

Emerance alichomoa waya kwanza. Akakiinua kitambaa pole pole, na wote wakaona. Nyuzi za pindo zilikuwa zimejiviringa kwenye feni iliyo juu ya ubongo wa kompyuta, zikaikaba isizunguke.

"Haikukufa," Emerance alisema. "Ilisikia joto, ikajizima yenyewe kusudi isiungue. Maman Uwineza, hii mashini inapumuaka. Muntu mwenye kukimbia, unaweza kumufunika blanketi ku uso?"

"Niliona haya," Uwamwezi alisema. "Bageni batasema hatukumaliza kuijenga."

"Bakisema, utabaeleza."

Walizitoa nyuzi moja moja kwa kibano cha nyusi. Walikagua kama kuna uzi uliobaki, wakaiacha mashine ipoe, kisha wakaiwasha. Feni ikazunguka. Skrini ikawaka. Uwineza alikuwa akihifadhi kazi yake kwenye diski kila alipomaliza kipande, kwa hiyo picha zake zote zilikuwepo. Kilichopotea ni ule mkusanyo wa mwisho tu. Akauanza upya.

Hapo hapo hodi ikasikika. Izabayo, bwana harusi, alikuwa mlangoni na mama yake, Nyirabagenzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini siku hiyo mwenyeji hakuwa na hakika kama atapona. Mudathiru aliwamiminia chai na kuwasimulia habari za kila dirisha alilowahi kufunga Kamembe. Nyirabagenzi alikunywa, akala sambusa, ila macho yake hayakutoka kwenye kile kitu cha mifupa mezani.

"Hii kintu iko mugonjwa?" aliuliza mwishowe. "Juu ya nini iko wazi hivi?"

Uwineza alitazama chini. Mudathiru alikohoa. Uwamwezi akaweka sahani mezani, akasimama wima kama mwalimu.

"Iko muzima, Maman. Tuliiacha wazi kusudi ipumue. Feni zinafukuza joto. Ukiifunika ikiwa inatumika, inazimika. Haitaki maji, haitaki vumbi, haitaki muntu ashike ndani. Vumbi tunapangusa kwa brashi laini, ikiwa imezimwa na waya umetoka ku ukuta."

"Kumbe," alisema Nyirabagenzi, akasogeza kikombe chake mbali na meza bila kuambiwa.

Emerance aliinamisha uso kwenye kikombe kuficha kicheko.

Filamu ikawa tayari. Ziwa likatokea kwenye skrini, na mitumbwi iliyopambwa, na bibi harusi akivuka huku wanawake wakiimba. Kisha akaonekana Nyirabagenzi mwenyewe, peke yake ufukweni, akijifunga kitenge upya na kucheza kidogo pale alipodhani hakuna anayemwona. Sebule nzima ilicheka. Nyirabagenzi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Mwanangu," alimwambia Uwineza, "mudogo wake Izabayo anaolewa mwezi unaokuja. Utakuja?"

Uwineza alimtazama mama yake, kisha akamjibu mgeni kwamba atakuja.

Siku hizi Uwamwezi ndiye mlinzi wa mashine ile. Humfukuza paka, huzuia vikombe, hukumbusha brashi. Ameishonea kifuniko chepesi kisicho na pindo, na hukivisha baada tu ya kompyuta kuzimwa, kuchomolewa na kupoa. Majirani wakiuliza, huwaeleza tangu viguu vya shaba hadi mwisho, wapende wasipende.

Na kile kitambaa cha maua ya dhahabu, chenye pindo lililonyofoka, hakukitupa. Jioni ile ile wageni walipoondoka, Uwineza alitoa nguo zake zote ndani ya begi na kuzirudisha kabatini. Uwamwezi akalichukua begi tupu, akalipandisha juu ya kabati, akalifunika kwa kitambaa chake bora. Akalinyoosha vizuri pembe zote nne, na hajalifunua mpaka leo.