Doa Lililokataa Kutoka

Tangu asubuhi dobi alikuwa akisugua doa moja. Mikono ilimuuma, jasho lilimtiririka, na doa lilikaa palepale.

Kilikuwa kitambaa kikubwa cha kijivu, mali ya shule. Mwalimu alikileta mbiombio, akasema tu kwamba kina vumbi. Vumbi lilitoka. Lakini katikati lilibaki doa la mviringo, na ndani yake vidoa viwili. Ukutani, marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa ameandika: NGUO HAITOKI HAPA NA DOA.

"Chini yake pameandikwa Cassini," mkewe alisema. "Si ndiye mwenye kitambaa?"

"Basi huyo Cassini atanitoa roho! Nikikirudisha hivi, shule itapeleka mapazia yake kwingine. Watoto watakula nini?"

Mkewe akaleta dawa kali ya madoa. Dobi akainamisha chupa.

"Ngoja! Usimwage!" Mwalimu alikuwa mlangoni.

"Nisamehe, mwalimu. Doa limenishinda."

Mwalimu akatazama, akacheka mpaka akashika meza. "Hilo si doa, ndugu yangu! Hii ni picha ya sehemu ya mwezi, na hilo ni shimo. Zamani sana jiwe kubwa kutoka angani liligonga mwezi, likalichimba. Ukitaka kulivuka kwa miguu, utatembea kutwa nzima."

"Na haya madogo?"

"Mawe mengine yaligonga baadaye."

"Miaka yote hiyo halijafutika?"

"Mwezini hakuna mvua wala upepo wa kulifuta."

"Wala dobi," mkewe akadakia.

"Na Cassini ni nani?" dobi akauliza.

"Ni wawili, baba na mwanawe. Walikuwa wanaastronomia, yaani watu wanaochunguza nyota, sayari na mwezi. Shimo likapewa jina lao wote wawili."

Dobi akaifunga chupa. Akaketi juu ya kapu la nguo chafu, akicheka kwa furaha. "Afadhali umewahi, mwalimu! Ningeufuta mwezi mimi!"

Siku hizi, kabla ya kugusa dawa, dobi humwonyesha mteja kila alama. "Hili ni doa, au ni pambo?" Hajaharibu nguo ya mtu.

Muhula ulipofungwa, mwalimu alileta mapazia yote ya shule. Akasoma ukutani. Chini ya maandishi ya baba, dobi alikuwa ameongeza yake: ULIZA KWANZA.

"Baba na mwanawe," mwalimu akasema. "Kama lile shimo."

Dobi akatabasamu, akakunjua pazia la kwanza, akaanza kuuliza.