Birika Lilielekea Kushoto

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na wala sitafuti mtu wa kunisaidia kuubeba ujinga wenyewe. Nilikuwa nimesimama jikoni, kwenye nyumba isiyo yangu, nimevaa aproni yenye maua, nakaanga vitunguu ambavyo hakuna mtu angevila. Mlango wa mbele ukafunguliwa, nami nikapaza sauti kama kampuni ilivyoniagiza:

"Karibuni nyumbani, chakula kiko njiani!"

Nikageuka na kijiko mkononi, uso umejaa tabasamu la kuuzia. Mlangoni alikuwa amesimama Shoto.

Nyuma yake alikuwepo shangazi yake, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyekuuliza unaumwa wapi. Anakutazama tu, anajua. Alinitazama kuanzia aproni mpaka soksi.

"Asilimia," akasema. "Kumbe umeshaolewa."

Niwaeleze kidogo kabla vitunguu havijaungua. Kazi yangu ni kuuza nyumba. Kwa miaka mingi niliziuza kama watu wanavyouza ndama: leo amekonda, kesho atanenepa. Nilizungumza habari za bei kupanda asilimia hii na ile mpaka wenzangu wakanibatiza Asilimia, jina likanikaa kama kovu. Watu walinunua, wakatia kufuli, wakaenda zao kungoja bei. Mtaa mzima tuliouza ukawa na nyumba nzuri zisizo hata na kamba ya nguo.

Ndipo akaja bosi mpya, mama mmoja mpole ambaye anaweza kukufukuza kazi huku anakumiminia chai. Alitukusanya, akasema amechoka kuuza makaburi yenye madirisha. Kuanzia siku hiyo asisikie neno faida mbele ya mteja. Mteja aelezwe ataamkia wapi, ataanika wapi, na akigombana na mwenzake ataenda kununia wapi. Kisha akampa kila afisa mauzo nyumba moja ya mfano, aipange kwa mikono yake kana kwamba ni yeye anayerudi humo jioni, na wateja wakija wakute watu wanaishi, si vigae vinang'aa. Vitunguu lilikuwa wazo lake. Alisema nyumba isiyo na harufu ni stoo.

Wenzangu waliweka maua ya plastiki na picha za watoto walizokata kwenye magazeti. Mimi niliianza yangu hivyohivyo, lakini kufika jikoni mikono ikaanza kwenda yenyewe. Nilidhani nachapa kazi.

Sasa Shoto. Ni mshonaji wa mapazia, na jina hilo nilimpa mimi kwa sababu kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kukata kitambaa hadi kuniashiria ninyamaze. Tulipokuwa pamoja alipata vyumba viwili vya kupanga, dirisha kubwa linaingiza jua la asubuhi. Alikuwa ameshalipima hilo dirisha, ameshashona na pazia. Akaniambia tuoane, tuhamie. Mimi nikamwambia kupanga ni kuchota maji kwa tenga, tungoje soko litulie, tununue kitu cha maana. Aliuliza kama ndoa nayo inauzwa sokoni. Nikamjibu kitaalamu, nikamchorea mpaka na mstari unaopanda.

Alingoja. Bei ikishuka, nilisema itashuka zaidi. Ikipanda, nilisema tusikurupuke. Siku moja nikapokea ujumbe:

"Nimechoka kungoja soko. Lile pazia nimelikata, nimeshona foronya."

Tangu hapo nikawa nauzia watu vyumba vya kulala, mwenyewe nalala kama gunia. Nikipita karibu na duka lake nasikia cherehani inakimbia, inasimama, inakimbia tena, nami napunguza mwendo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Inaposimama ndipo roho inaponidunda, maana najua ndipo anapoinua kichwa. Sikuwahi kuingia. Ningeingia kununua nini, na dirisha langu moja lina gazeti badala ya pazia?

Basi siku hiyo alikuwa amemsindikiza shangazi yake, aliyeona tangazo na kutafuta nyumba ya kuzeekea. Shangazi alikwenda kuzijaribu ngazi. Shoto akapita pembeni yangu bila salamu, akaingia jikoni, akanyoosha mkono bila kutazama, akashika birika.

Akaganda.

Birika lilikuwa upande wa kushoto wa jiko, mkono wa kulishikia umeelekea kushoto. Akatazama vikombe kwenye rafu: mikono yote kushoto. Akaenda mezani. Kiti chenye mto kilikuwa ncha ya kushoto, pale ambapo mtu wa shoto anakula bila kugombana viwiko na jirani. Taa ya kusomea ilikuwa kulia, kwa sababu anayeandika kwa kushoto akiwekewa taa kushoto, kivuli cha mkono kinalifunika neno analoliandika. Akavuta droo, akatoa mkasi, akakata nao hewa. Ulikuwa mkasi wa watu wa shoto. Nilizunguka nusu ya mji kuutafuta na nilijiambia ni kwa ajili ya kampuni.

"Nani aliipanga nyumba hii?"

"Kampuni."

"Kampuni inajua natumia mkono gani?"

Wallahi, ndipo na mimi nilipoiona. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima ya mtu aliyekwishaniacha, nikaitangaza kwa umma, nikakaa mlangoni na kijiko kuwakaribisha wengine. Mwenye akili angesema hivyohivyo, akapiga goti, mambo yakaisha. Mimi nilifungua mdomo, ukatoka ule wimbo wa zamani:

"Eneo hili lina mwelekeo mzuri. Ukinunua sasa..."

Aliurudisha mkasi taratibu, akaisukuma droo, akatoka. Vitunguu vikaungua, nyumba ikanuka ndoa iliyozeeka vibaya.

Shangazi alishuka akishika magoti, akasema ngazi zile ni za mbuzi. Kisha akanieleza, kwa utulivu wa mtu anayesoma kipimo cha homa, kwamba kuna mfamasia ameleta posa. Mtu wa heshima, amefiwa na mke, ana nyumba kubwa ya kwake. Shoto ameombwa ajibu kabla wiki haijaisha.

"Sikwambii kwa sababu nakupenda," akaongeza. "Mgonjwa ana haki ya kujua anaumwa nini."

Jioni simu ikalia, ujumbe wa Shoto.

"Huyo mwanamke anayekaa nyumba ya mfano, unamfahamu?"

Niliandika jibu refu kama hotuba, nikalifuta. Nikaandika la pili, nikalifuta.

"Namfahamu," nikatuma.

"Yuko wapi?"

"Hajarudi bado."

"Na wewe unakaa humo?"

"Hapana. Mimi ni wa kukaanga vitunguu tu."

Kesho yake nilipiga simu, akapokea shangazi, akasema mwenye simu ana pini mdomoni, hawezi kuongea. Nikapiga mchana, pini bado. Nikaanza kuamini duka lile linashona kwa pini peke yake.

Siku zile kila nikishafunga nyumba kwa wateja, nilikuwa nabaki. Nakaa kwenye kile kiti cha pili, mkabala na chenye mto, natazama taa imewaka upande wa kulia na hakuna anayeandika. Nikamimina chai vikombe viwili, mara moja tu, nikaona aibu nikavinywa vyote. Nilijua kuuza nyumba kwa kuonyesha mtu akiishi. Sikujua kwamba mtu mmoja asipoishi humo, nyumba yote inakutazama kama imekukopesha kitu.

Kisha nyumba ikanunuliwa. Dereva wa lori na mkewe waliingia, wakanusa, mke akaenda moja kwa moja kwenye kibaraza cha nyuma, akasema hapa ndipo atakaponunia. Mume akasema basi na yeye anajua pa kuja kuomba radhi. Wakakubaliana papo hapo. Bosi alinipongeza mbele ya wote. Mimi nilihisi kama mtu aliyepewa zawadi kwa kuuza kitanda chake.

Asubuhi ya kukabidhi funguo nilikuwa natoa vitu, boksi kifuani, birika linachungulia juu. Shoto akaingia getini. Shangazi alimfuata nyuma, akaketi kwenye ngazi ya kwanza na kuanza kulikanda goti, akitulaumu sote wawili kwa kuchagua nyumba zenye milima.

"Unavipeleka wapi?" Shoto akauliza.

Nikamwambia birika, taa na mkasi nilinunua mwenyewe, naenda navyo kwangu. Alitikisa kichwa. Akasema ameshampa mfamasia jibu, asubuhi ile ile.

Moyo ulishuka ukapita tumbo, ukakaa kwenye kiatu.

"Hana kosa," alisema. "Ana adabu, ana nyumba, hata mapazia anayo. Tulipokwenda kwake na shangazi nikajikuta namimina chai kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyenikataza kushoto. Nilijikuta tu. Nikajua pale nitakuwa mgeni mpaka nizeeke. Nimemwambia asinisubiri."

Niliweka boksi chini.

Akanisogelea. Akaliondoa jani lililonasa begani kwangu, kwa mkono ule ule, na akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tulikuwa tumeachana jana sokoni:

"Siku hizi unarudi nyumbani saa ngapi?"

Hapa ningenyamaza nikajibu swali, hadithi ingekuwa fupi. Lakini mtu akishauza nyumba miaka yote hiyo, ukimgusa anatoa vipimo. Nikaanza kumweleza kwamba nina chumba kimoja. Bafu ni la kushirikiana na jirani anayeimba. Dirisha linatazama ukuta, na ukuta wenyewe haujapakwa rangi. Siwezi kumleta pale mtu kama yeye.

"Nimekuuliza kitu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nimesikia, ila anipe muda kidogo. Wanaanza kujenga mtaa wa pili, vyumba vitatu, sebule inaingia jua pande zote, bosi ameniahidi nitafikiriwa. Bei ikitulia tu...

Uso wake ukaanza kufunga, kama siku ile ya mstari unaopanda. Nikaona, na bado mdomo unaendelea, chumba cha wageni, stoo, mahali pa cherehani.

"Nataka nikupe nyumba, Shoto. Nyumba kamili. Chumba kimoja nitamwambia nani?"

Shangazi aliacha kulikanda goti.

"Wewe Asilimia," akasema. "Mwanangu hajakuuliza vyumba vingapi. Amekuuliza unarudi saa ngapi."